Iko Mutu ya Nani?

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Leo nimebeba watu mpaka miguu ikaniomba msamaha. Lakini nani kama mimi? Toleka yangu njo baiskeli yenye kiti kizuri kupita zote za Kisangani. Mousse mbili za sponji, kitambaa chekundu, vioo viwili pembeni, na nyuma nimeandika kwa rangi ya njano: JEPHTÉ LE VRAI. Wenye pikipiki wanapita wanatucheka. Halafu petroli inakwisha, wanasukuma. Mimi sikwishi petroli!

Bon. Habari kubwa. Jumamosi ya wiki ijayo koperative yetu ya toleka inachagua komite mupya. Papa Feruzi iko prezida tangu mimi ni mutoto ya kaptula ya shule. Pneu mupya za baiskeli zikifika kwa atelier yetu ya kutengeneza, wa kwanza kupata ni wapwa yake, halafu marafiki ya wapwa. Sisi wengine tunashona pneu na uzi! Mara hii Papa Sébastien anataka kumutoa. Mimi niko na Papa Sébastien, moja kwa moja. Kwanza juu ya anasema kweli. Pili juu ya yeye njo baba ya Fanny.

Fanny! Anauza chakula kwa malewa yake, kibanda ya kula mbele ya atelier. Lituma ya ndizi, pondu ya majani ya muhogo, samaki ya kukaushwa. Kila saa sita ya mchana niko pale, hata nikiwa sina njaa. Yeye hajajua bado kama atakuwa bibi yangu. Atajua tu.

Serikali inatuma inspekta ya koperative asimamie uchaguzi. Wanasema hataegemea upande. Wazee wote wamekaa kwa atelier wanaulizana kitu kimoja: iko mutu ya nani? Papa Sébastien akasema pengine si mutu ya mutu. Walicheka mpaka mumoja akadondosha kinubi ya baiskeli — hapana, si kinubi, ile chuma ya kukanyaga. Pedali. Niliacha shule mwaka ya tatu ya secondaire, maneno ingine inanikimbia.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Amefika. Nilingoja muzee ya tumbo na bahasha. Kumbe ni kijana! Anaitwa Ruphin. Mwembamba, shati ndani ya suruali, na viatu — mama! Viatu vyeusi, vimepigwa rangi mpaka niliona pua yangu ndani.

Papa Feruzi alinituma mimi nimuchukue mbele ya ofisi yao kule Makiso. Heshima! Niliosha toleka na sabuni. Nikafika, nikapangusa kiti na mukono ya shati.

Akauliza: Ni bei gani mpaka atelier?

Nikamujibu: Monsieur l'Inspecteur, kwako ni bure, prezida amesema.

Akasema: Basi nitatembea.

Nilifikiri anacheka. Kweli akatembea! Jua yote ile! Na mimi ningefanya nini? Nikamufuata polepole na kiti tupu. Pale kwa marché wenzangu wakaniona. Yannick, yule wa meno ya mbele, akapiga kelele barabara nzima: "Jephté! Mukubwa amekataa kiti yako, iko na kunguni?"

Kunguni! Kiti yangu!

Kwa Papa Feruzi walikuwa wamepika mbuzi. Wali, sombe, bilauri za glasi zimetoka kabatini. Ruphin akasimama mlangoni, akasema kwa adabu yote: Asante sana Papa, lakini siwezi kula kwa mutu ambaye niko nasimamia uchaguzi yake. Hapa kwetu kukataa sahani ya mukubwa ni kama kumutemea mate. Papa Feruzi alicheka na mdomo tu, macho yalibaki pale pale. Mbuzi tulikula sisi. Tamu!

Lakini nikajiuliza — huyu mutu atakula wapi sasa?

Saa sita nikapata jibu. Amekaa kwa malewa ya Fanny. Kwa benchi yangu.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Sina furaha. Naandika kwa nguvu mpaka bic inatoboa karatasi.

Leo nimefika mapema. Fanny alikuwa na watu mingi. Pembeni, juu ya meza ndogo, nikaona sahani moja imefunikwa na sahani ingine. Peke yake pale, kama mutoto ya chef.

Nyumbani kwetu sahani ya kufunikwa ni ya papa. Kwa jirani ni ya bwana ya nyumba. Mahali pote hapa mjini, mwanamuke akikufunikia chakula anaambia dunia yote: msiguse, mwenyewe iko njiani. Mimi nimekula pale tangu mwaka jana. Sahani yangu haijafunikwa hata siku moja! Nzi wanaionja mbele yangu.

Nikamuuliza: "Fanny, ile ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Petit, kula."

Petit! Ninamupita urefu! Na mwaka tunalingana, mama yake alisema.

Halafu Ruphin akaja, vumbi kwa viatu, jasho kwa shingo. Akakaa. Akafunua. Akakula, taratibu kama mutu ya televisheni. Akasema merci Mademoiselle, akasimama, akaenda. Niliangalia mufuko ya kuume. Niliangalia mufuko ya kushoto. Mukono haukuingia hata mumoja! Hakulipa!

Mimi nikiacha deni ndogo Fanny ananiita kwa jina yangu yote mbele ya watu.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Sahani imefunikwa tena.

Nikaamua nimuonyeshe Fanny tofauti. Nikaeleza hadithi yangu ya yule abiria munene aliyepasua kiti ya Yannick kule daraja ya Tshopo. Watu wote walicheka. Fanny akasema: "Jephté, kula, unajaza mate kwa lituma ya wenzako." Dakika ile ile Ruphin akasema neno moja, sikusikia hata ni nini, na Fanny akacheka mpaka akashika kiuno. Neno moja! Mimi nilitumia hadithi nzima!

Alors nikamukabili mimi mwenyewe. Nikasema kwa sauti: "Inspekta, wewe iko mutu ya nani?"

Akapangusa mdomo. "Mimi ni mutu ya mama yangu."

Wakacheka. Akaendelea, sasa bila kucheka: "Jephté, nikikuwa mutu ya prezida, kura yako inakwisha kuhesabiwa kabla hujaitupa. Nikikuwa mutu ya mupinzani yake, ni vile vile. Unataka nikuwe ya nani?"

Fanny alimuangalia. Nilikunywa maji yote ya kopo, hata ile ya jirani.

Na amejua jina yangu. Nani alimuambia jina yangu? Ameisoma kwa kiti. Bon, angalau anajua kusoma mahali pazuri.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Baada ya misa Papa Feruzi ameniita kwake. Chai ya tangawizi, beignets moto. Akanisifu. Eti anaona vijana wote wa toleka lakini mwenye sauti ni mumoja. Sikumukatalia, ni kweli.

Halafu, kama mutu anauliza habari ya mvua: "Inspekta wetu, yule hapendi mbuzi yangu, anakula wapi?"

"Kwa malewa ya Fanny, Papa."

"Binti ya Sébastien?"

"Njo yeye."

"Na analipa?"

Naandika vile ilikuwa, sawasawa. Niliona ndani ya kichwa vile viatu. Niliona Fanny na mukono kwa kiuno. Nikasema: "Papa, mimi sijaona akilipa hata mara moja."

Hiyo si uongo! Sijaona!

Lakini ulimi ilikuwa bado na moto. Nikaongeza: "Na sahani yake inafunikwa."

Papa Feruzi akaweka kikombe chini. Polepole sana. Akaniuliza tena, imefunikwa? Nikasema ndiyo, kila siku. Akaweka mukono kwa bega yangu. Akasema jina yangu haitatoka mule ndani. Na kwamba komite mupya itahitaji porte-parole, musemaji ya vijana.

Porte-parole Jephté! Nilitoka naimba. Nimefika kwa mufereji ya kabla ya nyumba yetu njo nikafikiri: anasema komite mupya kama vile amekwisha kuchaguliwa. Nikaacha kuimba kidogo. Halafu nikaendelea, wimbo ilikuwa nzuri.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Mbaya.

Mji mzima wa toleka unasema sasa: Ruphin ni mutu ya Sébastien. Anakula bure kwa chungu ya Sébastien. Papa Feruzi amekwenda kulalamika kwa wakubwa ya Ruphin, anataka aondolewe. Wale wazee waliouliza iko mutu ya nani wamefurahi. Wamepata jibu, sasa wanalala vizuri.

Papa Sébastien amekaa kwa atelier, anazungusha gurudumu moja tu, haina hata kazi. Wenzake wa kupiga kura wanahamia upande ingine ya kivuli.

Na si hiyo njo mbaya yenyewe. Mpwa mumoja ya Papa Feruzi, pale kwa pompe ya hewa, amesema inspekta hali pondu tu kwa yule mutoto mwanamuke. Wakacheka. Damu yangu ilipanda! Nikaacha toleka chini, nikamushika shati. Akaniambia: "Wewe iko na nini? Sisi tumesikia tu. Sahani inafunikwa, ni kweli ao si kweli?"

Nikaachia shati.

Fanny leo hakunipa salamu, wala mutu yeyote. Alikuwa anapiga ndizi ya lituma kwa kinu kama adui. Akasema, bila kuangalia mutu: "Mwenye kupeleka hii maneno, nikimujua, nitamuweka humu ndani na ndizi."

Nikakula haraka. Nikalipa hata deni.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Sikulala vizuri, nimeenda kwa Fanny alfajiri. Nilitaka kusema kitu. Sijui nini. Moto ilikuwa haijawaka bado, anapepea makala tu.

Na nani anatokea ndani ya ukungu, kwa miguu? Viatu vile vile! Nikajificha nyuma ya mapipa ya maji. Nikaona na macho yangu: Ruphin ametoa pesa, amelipa. Kabla ya chungu kupanda kwa moto! Akasema Mademoiselle asubuhi njema, akaenda.

Nikatoka. Nikamuuliza Fanny ile ni nini. Akachoka na mimi lakini akaeleza. Siku ya kwanza alilipa kabla ya kukaa, tangu ile kila alfajiri ni hivi. Analipa mapema juu ya yeye Fanny asiseme kesho utalipa. "Ananiambia: toa sahani yangu kabla sijafika, pima kama ya wote, funika. Nikikuja hakuna kuongeza."

Kumbe ile kifuniko ni ya kuzuia zawadi! Na mimi...

"Hata kichwa ya samaki nilitaka kumupa," akasema. "Alikataa. Nikakasirika kabisa. Halafu, Jephté, wanaume yote hapa wananiomba niongeze, niongeze, niongeze. Huyu mumoja anaomba nisiongeze." Akapepea moto. Akacheka peke yake, ile cheko ya chini.

Ningependa kufa. Mimi naomba, ananinyima. Yeye anakataa, anasukumiwa kichwa ya samaki! Hii ni sheria gani?

Ningemuambia pale pale. Mdomo ulifunguka, kweli. Nikasema: "Moshi iko mingi leo."

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Mukubwa ya Ruphin amekuja, Mama Viviane. Miwani kwa kamba, pagne ya bluu, hakuna mutu alimutania. Yeye naye alikuja kwa toleka na alilipa. Yannick njo alimubeba! Sasa Yannick anatembea kama amebeba askofu.

Ameita pande mbili, amesema wazi. Kesho, kabla ya kura, atauliza jambo hili mbele ya wanachama wote. Kama Ruphin alikula bure kwa nyumba ya mugombea, anamutoa kazi hii, uchaguzi unasimama, na Papa Feruzi anaendelea mpaka tarehe ingine. Tarehe gani? Hakuna mutu anajua. Kama alilipa, kura inapigwa kesho ile ile, na Ruphin anasimamia.

Papa Sébastien akauliza, Mama, tarehe ingine ni lini? Mama Viviane akasema yeye haahidi kitu hayuko nacho kwa mukono. Papa Sébastien iko na mvi, na pneu yake ina mashono kupita yangu.

Papa Feruzi akaniona kwa mbali. Akagusa kifua na kidole, halafu akanionyesha mimi, kama kusema: wewe ni mutu yangu.

Nimefikiri usiku huu wote. Ruphin akiondoka, Fanny atamusahau. Watu wanasahau. Lakini tutashona pneu na uzi mpaka nikuwe na mvi mimi pia, na wale wa pompe watacheka Fanny mpaka azeeke. Ruphin akibaki, ofisi yake iko Makiso, kutoka pale mpaka malewa hata kwa miguu si mbali, na yeye anapenda kutembea, mushenzi yule!

Na nikisema alilipa, wataniuliza: basi nani alipeleka maneno?

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Naandika ndani ya sale ya mukutano. Cahier iko juu ya magoti. Watu wanafikiri natayarisha ushahidi. Acha wafikiri.

Tumejaa mpaka milango. Wa Papa Feruzi kushoto, wa Papa Sébastien kulia. Ruphin amekaa katikati na kiti yake peke yake, mahali bati inavuja, hakuhama.

Mama Viviane akauliza Ruphin. Akajibu alilipa kila asubuhi. Na kwamba hakujua Fanny ni binti ya mugombea mpaka malalamiko ilipofika. Angejua, angekula mkate barabarani. Alisema vile bila kumuangalia Fanny, na Fanny alimuangalia yeye. Niliona. Mimi naona yote, njo ugonjwa yangu.

Upande ya kushoto wakapiga kelele: "Shahidi iko wapi? Asubuhi ni ya usingizi!"

Fanny akasimama katikati ya wanaume wote wale. "Shahidi munataka? Iko pale! Jephté! Kila siku iko kwa benchi yangu. Na Jumatano alfajiri alitoka nyuma ya mapipa yangu kama panya. Alimuona akilipa. Muulizeni!"

Sale yote ikageuka. Mukono ya Papa Feruzi nayo ikapanda, anacheka na meno yote. "Tunakubali! Jephté ni kijana ya kweli. Aseme yeye."

Pande mbili wananipigia makofi! Siku ya utukufu yangu, na mimi natafuta mlango kwa macho.

Mama Viviane akasema, kijana, simama. Umeona akilipa ao hukuona?

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Na mvua ikaanguka kwa bati — ile mvua yetu haina salamu, pah! mara moja, kama wamemwaga mawe. Nikasema jibu yangu. Hata mimi sikujisikia! Mama Viviane akaweka mukono kwa sikio. Akatoa ishara: ngojeni, kaa, mvua ipite, utasema tena.

Nilisema nini? Naandika hapa tu. Nilisema: Mimi nilikuwa nakula, sikuangalia.

Hakuna mutu alisikia. Lakini sasa angalia. Papa Feruzi, kushoto, amenipigia jicho, amenionyesha kiti tupu pembeni yake. Na Fanny, kulia — Fanny anacheka na mimi! Si ile ya petit. Ameweka mukono kwa kifua, mdomo yake inasema, bila sauti, merci Jephté. Anafikiri nimesema. Miezi yote ile nilitafuta uso ile, na iko hapa, yangu peke yangu, Ruphin hana hata kipande. Ruphin anapangusa maji kwa viatu na leso.

Nikisema alilipa, wa kushoto watasimama wote: kijana, Jumapili kwetu ulisema nini? Uso ile itakufa mbele yangu. Nikisema sikuona, itakufa vile vile.

Nyesha, mvua. Nyesha mpaka kesho.

Inapungua. Nasikia watu kukohoa sasa. Nasikia kiti ya Mama Viviane. Anavaa miwani. Yannick nyuma yangu ananisukuma na goti, anasema simama, mukubwa, wanakuita wewe. Fanny hajaacha kucheka na mimi. Ngoja nimuangalie kidogo tena, kidogo tu, halafu ni—